Mwaka wa Michembe na Kitufe cha Kijani

Ule ulikuwa mwaka tuliokula michembe asubuhi, mchana na jioni, mpaka watoto wakaacha kuuliza kuna nini. Mahindi yaligoma shambani yakiwa kimo cha goti, mpunga haukutoa hata suke la kumwonyesha mgeni, na mtaa wetu wote wa Ngokolo ukawa unanukia vile viazi vilivyokatwa vikaanikwa, vinachemka. Asubuhi michembe na chai ya rangi. Mchana michembe na karanga za kutwanga, kwa mwenye karanga. Jioni tuliiponda tukaiita ugali, na hakuna aliyecheka. Mimi najua kuipika, nasema hivyo bila kuomba radhi. Unailoweka kwanza, unamwaga yale maji ya vumbi, halafu moto mdogo na subira. Wanawake wa siku hizi wanaitupa kwenye maji yanayotokota halafu wanalalamika kwamba inakwama kooni. Ukitaka kujua ulikuwa mwaka gani kwa hesabu ya serikali, muulize mjukuu wangu Kabula. Mimi nauita mwaka wa michembe, na ndio ulionifundisha jambo nililopaswa kulijua nikiwa msichana. Watu hudhani mtu hufinyangwa akiwa mbichi. Mimi nilifinyangwa nikiwa na wajukuu saba na goti moja bovu.

Nimeukumbuka kwa sababu wiki iliyopita tumemzika Mama Gindu kule Ushirombo. Yeye na mimi tulijuana tangu tukiwa tunaokota pamba za watu, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniambia mimi ni mwongo nikakaa kimya. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka chumbani mwake, magunia matupu yamekunjwa ukutani, harufu ya moshi na ya marehemu bado imo kwenye blanketi. Binti yake Gindu alikuwa anakusanya vitu vya mama yake: kanga, rozari, tochi, na ile simu ya tachi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kidole chake kikagusa kioo bila kukusudia. Simu ikasema, "Karibu, mama. Nikusomee nini leo?" Ilikuwa sauti yangu. Mimi niko pale, mdomo nimeufunga, na sauti yangu inatoka mkononi mwa Gindu. Bibi mmoja kwenye kona akafanya ishara ya msalaba. Gindu akaanza kulia upya, akasema, "Alikuwa anakujibu, mama mkubwa. Anakaa pale mlangoni anaiambia simu, ngoja kwanza nivae miwani. Na miwani yenyewe hana." Tukacheka msibani, Mungu atusamehe. Nje kwenye viti vya wanaume alikaa mkwe wangu Luhende. Najua aliisikia sauti, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na yeye alikuwa karibu nalo. Aliinama akatazama viatu vyake. Tangu mwaka ule wa michembe hajanitumia salamu, na mimi sijamtumia.

Sasa niseme sauti yangu iliingiaje humo. Kabula alikuwa amemaliza chuo cha kompyuta, akarudi kwangu na begi moja na kompyuta ya kukunja iliyopasuka kona. Kazi hakuna. Wanawake kwenye foleni ya mashine ya kusaga kwa jirani walisema kwa sauti ya kutaka nisikie, "Kasomea kompyuta, sasa anachota maji kama sisi." Mimi nikawajibu, "Anachota maji yake, nyinyi mnachotewa umbea." Lakini moyoni iliniuma. Mtoto mwenyewe aliinua ndoo yake akapita. Alikuwa akitazama jambo ambalo sisi tulikuwa tumelizoea. Alitazama jinsi wanawake wasiojua kusoma, au wanaosoma kama mimi, herufi moja leo nyingine kesho, walivyokuwa wakimpa mtu yeyote simu awasomee. Anayesoma anasoma anachotaka. Anaruka hapa, anaongeza pale, na wewe umesimama unaitikia kwa kichwa kama umeelewa. Mimi niliishia darasa la nne, nasema ninachokijua. Basi Kabula akatengeneza programu ya kukaa ndani ya simu, ukifungua ukurasa wowote inakusomea. Mara ya kwanza ilisoma kwa sauti ya mashine, Kiswahili cha mtu aliyekabwa shingo. Mama Gindu alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, akaisikiliza, akamrudishia Kabula simu. "Huyu," akasema, "hajala tangu azaliwe."

Ndipo Kabula akanitaka mimi. Sauti yangu ina sifa yake, iliwahi kurudisha ng'ombe waliokuwa wameshavuka mto. Tulirekodi chumbani kwangu, godoro tumelisimamisha dirishani, mimi nimejifunika blanketi kama mgonjwa wa malaria, jasho linanitiririka hadi kiunoni. Muda wetu ulikuwa ule wa chakula cha mchana tu, jirani anapozima mashine yake ya kusaga. Nilisema gunia, nikasema debe, nikasema Katoro, Geita, Kahama, kesho, keshokutwa, mnunuzi, dalali. Nikisema vizuri, jogoo anawika, tunaanza upya. Kabula ananiambia, "Bibi, usisome kama mwalimu. Sema kama unamwambia Mama Gindu." Nikawa nasema kama namwambia Mama Gindu. Tulipomaliza siku ya kwanza nikamuuliza kama sasa anaweza kunisemesha lolote, kuunga maneno yangu nikatukana watu nikiwa nimelala. Akasema anaweza. Akaweka kikombe chini. "Lakini haitasema neno ambalo hujalikubali, bibi. Sauti ni yako na simu ni ya mwenye simu. Mimi ni fundi tu." Nililichukulia lile kuwa neno la adabu. Sikujua kama ni neno zito.

Na tovuti ambayo wanawake walikuwa wanaitaka kuliko zote ilikuwa ya mkwe wangu. Luhende amemwoa binti yangu Minza, wanaishi Katoro, na alikuwa ameanza kwa kuuza majembe na kamba kwa wachimbaji wa dhahabu, kisha akafungua soko lake humo kwenye mtandao. Wapishi wa kambi za wachimbaji wanaandika wanachotaka, maharage, kuku, michembe. Wakulima wanaandika walichonacho. Nitamsifia pale anapostahili: mwaka ule lilikuwa jambo la kuokoa watu. Upande wa Ushirombo mvua ilikuwa imewabakizia viazi, na kule machimboni kuna midomo elfu inayotafuna. Kati yao kulikuwa na tovuti ya Luhende tu. Yeye si mtu mbaya. Mabati yaliyo juu ya kichwa changu ninaposimulia haya ni yeye aliyeyaleta, kwa gari lake, na hakuwahi kuyataja.

Lakini huyu ni mkwe, na ukwe kwetu una njia yake. Mimi na mkwe wangu hatupeani mkono. Hatuli chumba kimoja. Hatutazamani usoni. Nikiwa na neno kwake, linapita kwa mtu wa tatu, hata kama tumetenganishwa na pazia tu na yeye anasikia kila kitu. Vijana wa mtaa wa Kambarage wanaona ushamba, siku hizi mama mkwe anapigwa picha mashavu yamegusana na mkwewe. Sawa. Mimi nilikulia kwenye njia hii na imenihifadhia heshima mara nyingi. Mjumbe wa ukwe ana sheria moja: analibeba neno kama mtu anayebeba maji kichwani, halipungui wala haliongezeki njiani.

Mjumbe wetu alikuwa Minza mwenyewe. Akaja siku moja na sukari na sabuni, akakaa jikoni kwangu akimenya karanga, akasema mume wake amefurahi sana kusikia programu ya Kabula, amesikia wanawake wanaipenda. Ana ombi dogo. Kwenye ukurasa wake kuna mahali pana kitufe cha kijani, wazee wanakwama pale, wanaogopa. Anaomba mama aseme neno la kuwatia moyo. "Useme tu, mama: Bonyeza cha kijani, mama yangu, uendelee." Nikauliza cha kijani ni cha nini. "Masharti, mama. Kila tovuti inayo." Kabula alikuwa mlangoni na ndoo. Akasema, "Bibi, chini ya kile kitufe kuna maandishi madogo. Ngoja nikusomee kwanza." Nikamkata. Nakumbuka jinsi nilivyomkata, kidole hewani, mbele ya shangazi yake. Nikasema, "Mkwe hakaguliwi. Mkwe akiomba maji humuulizi ana kiu ya nini." Kabula akaweka ndoo chini taratibu, maji hayakumwagika, akaenda kuleta blanketi la kurekodia. Nikaisema ile sentensi. Niliisema mara mbili, na mara ya pili nikaitia utamu.

Wiki tatu baadaye Mama Gindu alishuka kwenye basi mchana wa jua kali, akaingia kwangu bila hodi. Alikuwa na gunia nusu mgongoni. Nikamwambia, "Mwangaluka, mama," ile salamu ya asubuhi ingawa ilikuwa mchana, kwa sababu nilishtuka. Hakuitika. Akalifungua gunia akalimwaga sakafuni, katikati ya sebule yangu niliyotoka kuipiga deki. Ilikuwa michembe, au ilikuwa zamani. Kila kipande kilikuwa na matundu kama kichujio, na unga mweupe ukapanda hewani ukatuingia puani. Wadudu wadogo weusi wakaanza kutembea kuelekea ukutani.

"Kula," akaniambia.

"Mama Gindu, kuna nini?"

"Nimekuletea chakula chako, Mama Shija. Kula."

Kabula akamletea maji, hakuyagusa. Akaeleza akiwa amesimama. Aliandikisha michembe yake kwenye tovuti, magunia yote aliyokuwa nayo, akiba ya nyumba nzima. Tangu siku ile simu yake haikunyamaza. Madalali asiowajua wanampigia alfajiri, akiwa shambani, akiwa kanisani, na wote wanamwambia neno moja: umekubali, kwa hiyo mzigo wako tunauona sisi kwanza, usimuuzie mwingine. Wapishi wa kambi hawakuuona kabisa. Madalali walikuwa wanamchelewesha makusudi, kesho, kesho, wakingoja ashuke. Alikataa kushuka. Na mdudu naye hakungoja.

"Nani alikwambia ukubali?" nikauliza, mpumbavu mimi.

"Wewe."

"Mimi?"

"Nilipofika pale nikasita. Mkono ulisita, Mama Shija, naapa kwa huyu niliyemvaa shingoni. Halafu nikakusikia. Bonyeza cha kijani, mama yangu. Nikasema, aa, kama ni yeye." Akaupiga ule unga kwa mguu. "Mimi sikubonyeza kitufe. Nilikuitikia wewe. Mashine nisingeikubalia. Mimi nina akili."

Nilikaa kwenye kiti nikamwangalia mdudu mmoja akipanda mguu wa meza. Nimewahi kufiwa na mume na sikutafuta pa kuweka mikono kama siku ile. Nikamwambia Kabula alete simu anisomee yale maandishi madogo, yote. Akayasoma polepole. Yalisema ukibonyeza kijani umekubali namba yako igawiwe kwa madalali wa tovuti, na mzigo wako uonyeshwe kwao kabla ya mnunuzi mwingine yeyote. Chini kabisa, kwa rangi ya kijivu iliyokaribia kuwa nyeupe, kulikuwa na maneno mengine: Endelea bila kukubali. Ilikuwepo njia. Ilikuwepo siku zote, imefichwa kama ufunguo chini ya jiwe, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya jiwe nikiwaimbia watu wapite kwingine. Mama Gindu akasikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua fagio, mgeni yule, akaanza kufagia, na mimi nikamnyang'anya fagio, tukavutana kama watoto mpaka akaniachia. Jioni alikula michembe yangu mizima isiyotobolewa. Hakusema imepikwa vizuri. Ndipo nilipojua bado ana hasira.

Kesho yake mashine ya jirani ilipozimwa nikaingia chini ya blanketi. Nikasoma maandishi madogo yote, Kabula akinitangulia neno kwa neno, ilituchukua michana mitatu kwa sababu yameandikwa na mtu asiyependa kueleweka. Ile sentensi tamu Kabula akaifuta nikiona. Mahali pake nikasema, "Mama, hapa kuna vitufe viwili. Cha kijani maana yake hii. Cha kijivu kipo chini, maana yake hii. Chagua mwenyewe." Matangazo ya biashara yaliyokuwa yamejaa juu ya ukurasa Kabula aliyapeleka mwisho, programu inakuuliza kama unataka kuyasikia. Hakuna aliyetaka. Na kijani, kuanzia wiki ile, kikakosa watu. Mwanamke mmoja sokoni aliniambia amebonyeza kijivu akiwa Ngokolo na michembe yake imeliwa Geita bila kupita kwa dalali hata mmoja. Nikajisikia mrefu.

Nasema na hili mapema, ili mtu asidhani nasimulia ushindi. Baadaye Luhende alifunga mlango. Tovuti yake ilikataa kabisa kufunguka kwa simu yenye programu ya Kabula, na ilibaki hivyo mpaka mvua za mwaka uliofuata, alipoona wapishi wa kambi wanalalamika hawapati chakula, akaufungua kimyakimya. Miezi ile katikati ilikuwa mibaya. Wapo waliorudi kuwapa vijana wa dukani simu wawasomee. Mwanamke wa Kambarage alinisimamisha njiani na mtoto mgongoni, akaniambia usoni, "Bibi, heri uongo wenye soko kuliko ukweli wako wenye njaa." Mpaka leo nikipika huwa namjibu, na kila siku namjibu tofauti.

Lakini kabla ya kuufunga, Luhende alikuja kwangu Jumapili moja, baada ya misa, yeye na Minza, na jogoo mwekundu amefungwa miguu. Nilimpika jogoo yule mwenyewe. Luhende akaketi sebuleni, mimi nikakaa jikoni, pazia katikati, na Minza akawa anakwenda na kurudi, sahani mkono mmoja, maneno mkono mwingine. Kabula alikaa na mimi kwenye kigoda, hakula. Tulimsikia mkwe akinawa mikono. Tulimsikia akivunja mfupa. Kisha akasema, kwa sauti ya kutosha kupita pazia, lakini kwa mke wake kama inavyotakiwa, "Mwambie mama, ile tovuti si kisima cha kijiji. Nimekichimba peke yangu."

Minza akaingia jikoni. "Mama, anasema tovuti si kisima cha kijiji, amekichimba peke yake."

"Mwambie nimesikia. Aendelee."

Mkwe akaendelea, "Mwambie mama, mgeni akija nyumbani kwangu mimi ndiye ninayempangia pa kukaa. Sasa imekuja programu ya mtoto, imemshika mgeni wangu mkono hata kabla hajaketi, inamnong'oneza, usikae hapo, kile kiti kina msumari."

Lilipofika kwangu lilikuwa na msumari wake vilevile. Nikasema, "Mwambie, kama kina msumari, aung'oe."

Kabula akafunika mdomo. Upande wa pili tukasikia sahani ikiwekwa chini. Mkwe hakukasirika, au hakuonyesha. Alieleza, na maelezo yake yalikuwa na uzito. Mitambo ya tovuti inalishwa kila siku kama ng'ombe wa maziwa. Matangazo ndiyo majani yake, madalali ndio pumba yake. Hakuna mkulima anayechangia hata kitu. Wakiacha kusikia matangazo, wakiacha kijani, ng'ombe anakufa, na wote wanaokunywa maziwa watakuja kumlaumu yeye. "Programu inakula kwangu," akasema, "halafu inawafanyia kazi wao."

Lile la matangazo lilinigusa. Nikamtuma Minza: matangazo nitayasoma. Nitayasoma kwa sauti nzuri kabisa, mwanzoni si mwishoni, ila nitasema kwanza kwamba hili ni tangazo na limelipiwa. Kabula alinitazama kwa jicho la kutokubali, nikamwambia mtu hawezi kula kwa mwenzake kila siku bila kuosha chombo. Minza akaenda, akarudi uso umenyooka kidogo. Mkwe ameshukuru. Sasa limebaki moja tu. Lile la kijani. Anaomba ile sentensi ya zamani irudi, ile tamu, na maandishi madogo yasisomwe, kwa sababu si ya kusomwa, ni ya sheria. Akipata hilo, Kabula atapewa kazi Katoro, ofisini, na programu yake itawekwa kwenye tovuti watu wote waione. Asipolipata, kesho anafunga mlango, programu isiingie tena.

Nikamtazama Kabula, kwa sababu kazi ilikuwa yake. Miezi yote ile ya kuchota maji akitazamwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Usinitazame mimi, bibi. Wanaoshika simu wako wapi humu? Hata mmoja hayupo."

Minza akapiga magoti mbele yangu, pale penye majivu, na nguo yake ya kanisani. Hakuwa mjumbe tena, alikuwa mwanangu. "Mama, nakuomba. Ni sentensi moja. Unajua mimi ndiye ninayerudi naye ndani ya gari lile. Yeye amekuezekea hapa, mama, hujawahi kulowa. Utamwaibisha kwa ajili ya kitufe?" Mkono wake ulikuwa kwenye goti langu bovu na ulikuwa wa baridi. Nilimzaa mimi huyu. Nikifikiri juu ya siku ile, kitu kinachonirudia si maneno ya Luhende, ni ule mkono. Nilitaka kumpa. Ningempa mabati, ningempa nyumba yenyewe nikalale kwa jirani. Lakini alichoniomba hakikuwa changu. Mtu ameketi Ushirombo, hajui kusoma, amekiweka sikioni kitu kinachosema kwa mdomo wangu, na anaamini kwamba kiko upande wake kwa sababu kiko mkononi mwake. Utamgeukaje huyo?

Nikamwinua Minza. Nikamwambia, "Wewe ni mjumbe. Lichukue hili neno kwa neno, usipunguze." Nikasema polepole, kama niko chini ya blanketi. "Sitaki. Sauti yangu inamtumikia aliyeshika simu. Ukitaka ya kukusemea wewe, una mdomo wako."

Akafuta majivu magotini. Akapita kwenye pazia. Nikasikia kiti kikilia, mkwe akijiweka sawa apokee neno. "Mama anashukuru," akasema Minza. "Anasema amelielewa. Anaomba muda kidogo, alifikirie, amechoka leo. Anasema lile jambo la kijani litawezekana tu."

"Nilijua," Luhende akasema. "Mama ni mtu mwelewa."

Kabula akasimama, na mimi nikamrudisha kwa bega. Hilo halikuwa la kwake. Mwanangu alikuwa amebeba maji yangu akayamwaga njiani, akamjazia mumewe mtungi wa maji mengine, kwa upendo kabisa, akiwa na nia ya kutuponya sote. Na mimi nilikuwa nimefanya vilevile kwa Mama Gindu, kwa heshima kabisa. Nikasimama. Goti likalia. Miaka yote niliyokuwa na mkwe sijawahi kulivuka lile pazia akiwa mezani, na mkono wangu ulipolishika ulitaka kuliachia. Nikalivuta. Alikuwa na kipande cha nyama mkononi. Aliponiona aligeuza uso ukutani, kama njia inavyomtaka, na Minza akasema, "Mama, usifanye," na mimi nikaenda nikasimama huko huko ukutani alikogeukia, nikamtazama machoni, nikamwambia:

"Sitaki. Sauti yangu inamtumikia aliyeshika simu. Ukitaka ya kukusemea wewe, una mdomo wako."